Maksai wa kwanza wa mtoto: umchukulie mzuri mkali au mpole wa kawaida?

Mtoto akishasema anataka kuingiza maksai kwenye maonyesho ya mifugo, mzazi unajikuta na maswali kumi kwa mpigo, na ukienda kwa wauzaji wa ndama kila mmoja ana jibu lake, ambalo ajabu huwa ni ndama yule yule aliye naye zizini siku hiyo. Mi nimelipitia hili mara mbili. Mara ya kwanza na kijana wangu mkubwa, mara ya pili na mdogo wake wa kike, na karibu kila uamuzi nilioufanya mara ya kwanza niliugeuza mara ya pili. Kwa hiyo ntaweka upande huu na upande ule, kijana alikuwa na maksai anaitwa Bosi, binti akawa na wake anaitwa Taratibu, majina waliwapa wenyewe na utaona yalivyowakaa.

Kwa asiyejua, maksai ni dume aliyehasiwa, na kwenye maonyesho ahasiwe mapema akiwa bado ndama mdogo. Ukimkuta mmoja ana shingo nene na kichwa kizito cha kidume ujue alicheleweshwa, achana naye, jaji ataliona hilo kabla hata hajamkaribia.

Maksai au mtamba?

Hili swali watu wanaliruka na ndilo la kwanza. Maksai ni wa nyama. Safari yake ina mwisho, na maonyesho mengi ya maksai yanaishia mnadani na kisha machinjioni, sehemu nyingine akishashindanishwa harudi kabisa nyumbani, mtoto anamvua hatamu pale pale na kuondoka na kamba mkononi. Mtamba, yaani jike ambaye bado hajazaa, yeye anarudi, mwakani unaweza kumwonyesha tena, akizaa mtoto ana mwanzo wa kundi lake.

Ukisikia hivyo utasema basi mtamba, manake nani anataka kumwona mtoto analia. Lakini mtamba ana mambo yake. Hesabu yake haiishi mwaka mmoja, kuna kumpandisha, kuna kuzaa, kuna chakula cha miaka na mtoto mwenyewe mwakani anaweza kusema sasa nataka mpira. Alafu kuna hili ambalo hakuna aliyeniambia, mtamba anaweza kuingia joto, yaani kutaka dume, siku ile ile ya maonyesho, hapo upole wote wa miezi minane unayeyuka, anapanda wenzake, analia, hasikii kamba. Maksai hana hiyo habari, alivyo jana ndivyo alivyo leo. Kwa mtoto anayejaribu tu aone kama anaipenda hii kazi, mi naona maksai anafaa zaidi, ana mwanzo na ana mwisho.

Ila huo mwisho mwambie mtoto mapema. Kijana nilimwambia wiki moja kabla, nikidhani namwonea huruma, akakaa siku tatu haongei na mimi na nilistahili. Binti nilimwambia siku ya kununua, kabla hata hajampa jina, tena nikamwambia kama hutaki tunachukua mtamba. Akafikiria, akauliza kama atakuwa anasikia maumivu, nikamjibu ninavyojua, akasema sawa. Alilia siku ya mwisho? Alilia sana. Ila alilia akijua, hakuona kama amedanganywa. Na kama mtoto wako ukimwambia anakataa kata kata, hapo umepata jibu, chukua mtamba wala usimshawishi.

Mzuri mkali au mpole wa kawaida

Hapa ndo penyewe, hata kama utaruka mengine yote soma hapa.

Bosi alikuwa mzuri jamani. Mgongo umenyooka kama meza, paja limejaa, anatembea mguu wa nyuma unakanyaga pale pale ulipotoka wa mbele, na hiyo ni dalili nzuri ya viungo vizuri, kila mtu aliyekuja kumwona alitikisa kichwa. Tatizo moja tu, siku ya kwanza tulivyoingia zizini alinyanyua kichwa juu, akatukodolea macho, akakimbilia kona ya mbali na kujaribu kupanda uzio. Muuzaji akasema atazoea huyo. Na ni kweli alizoea, alizoea mimi, alizoea zizi letu, alizoea njia ya kwenda kwenye maji. Uwanja wa maonyesho hakuwahi kuuzoea kwa sababu huo unauona siku moja tu, una vipaza sauti, una miamvuli, una watoto wanakimbia, una ng'ombe wengine mia wanaonuka harufu ngeni.

Taratibu alikuwa wa kawaida, bega limelegea kidogo, paja la wastani, ukimweka karibu na Bosi hata mimi ningemchagua Bosi. Lakini tulivyosimama zizini kimya yeye alitutazama, akaendelea kucheua, baada ya dakika chache akaja kunusa mguu wa suruali ya binti.

Sasa piga hesabu. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuwa na kilo 35. Maksai siku ya maonyesho ana kilo 550 mpaka 630 hivi. Nguvu haipo hapo, hakuna mtoto anayemshika ng'ombe kwa nguvu, anamshika kwa makubaliano, na ng'ombe mwenye wasiwasi makubaliano yake yanavunjika mlango ukibamizwa tu. Alafu uzuri wenyewe unapotea, manake jaji anamtaka maksai asimame ametulia amwangalie kwa pembeni, kwa nyuma, amshike mgongo na mbavu kuona mafuta yamekaaje. Asiposimama huo uzuri ataonaje?

Namna ya kuwapima ukiwa kwa muuzaji, usikubali kuonyeshwa ukiwa nje ya uzio huku wanawaswaga. Ingia, simama, usiongee, kaa hata dakika kumi. Ng'ombe ana macho pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, kwa hiyo anakuona hata kama unadhani hakutazami. Kila mmoja ana umbali wake ambao ukiuvuka anaondoka, na umbali huo ndo unaoupima. Anayekuruhusu mita mbili tatu ni tofauti kabisa na anayekimbia ukiwa bado mlangoni. Mwangalie kichwa kama kiko juu muda wote, mwangalie mkia kama anauchapa chapa wakati hakuna nzi.

Kuna kitu kingine watu wanadhani ni ushirikina ila kimefanyiwa utafiti, lile zingo, yaani pale nywele zinapojizungusha kwenye paji la uso. Temple Grandin, mwanasayansi wa Marekani anayejulikana sana kwa mambo ya tabia za ng'ombe, yeye na wenzake mwaka 1995 walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba ng'ombe wenye zingo juu ya usawa wa macho walihangaika zaidi walipobanwa kuliko wale ambao zingo lao liko kati ya macho au chini yake. Sio sheria, mi sinunui ndama kwa zingo, ila nikiwa na wawili nashindwa kuchagua, naliangalia.

Angalizo mbili kwenye huu upole. Moja, mgonjwa naye ni mpole. Masikio yamelala, pua inatoa makamasi mazito, anakohoa, wenzake wanakimbilia chakula yeye kasimama, huyo hajatulia huyo anaumwa. Pili, kuna yule aliyelelewa kwa chupa tangu azaliwe, anakufuata kama mbwa, watoto wanampenda papo hapo, na mi nakwambia huyo umwogope kidogo. Hana hofu na mtu kabisa, anadhani binadamu ni ndama mwenzake, anasukuma kwa kichwa akitaka kitu, sasa akiwa na kilo 100 ni mchezo na akiwa na kilo 500 anamvunja mtoto mbavu kwenye nguzo huku akicheza. Unayemtaka ni anayekuheshimu bila kukuogopa.

Ndama mdogo au aliyekwisha kua

Wengine wananunua ndama aliyetoka kuachishwa kunyonya, miezi 6 mpaka 8, kilo 200 na kitu mpaka 300. Wengine wanachukua mkubwa wa kilo 350 au 400 wakisema kazi ya kulisha itakuwa ndogo. Yote yana hesabu, na hesabu ni rahisi, chukua uzito unaotaka siku ya maonyesho, toa uzito wa leo, gawanya kwa siku zilizobaki.

Mfano una ndama wa kilo 270 na siku 240, unataka afike 600. Zimebaki 330, gawanya kwa 240, ni kama kilo 1.4 kwa siku, inawezekana, maksai anayelishwa vizuri anaongeza kilo 1.1 mpaka 1.6 hivi. Ukichukua wa kilo 200 na siku 180 unahitaji zaidi ya kilo 2 kwa siku, hapo unajidanganya, utamjaza nafaka mpaka aumwe na bado hatafika. Ukichukua wa 350 na siku 240 inakuja kilo 1 tu na kidogo, kulisha ni raha.

Kwa hiyo kwa chakula mkubwa anashinda, sibishi. Ila kwa mtoto, ndama mdogo anashinda, tena mbali, kwa sababu kumfundisha kamba mnyama wa kilo 230 na kumfundisha wa kilo 380 ni kazi mbili tofauti. Yule mdogo akivuta, mtu mzima anaweza kumshikilia akajifunza kwamba kamba haikatiki, na akishaamini hivyo anaendelea kuamini hata akiwa mkubwa. Yule mkubwa akivuta mara moja akafanikiwa, kajua. Bosi tulimchukua akiwa na kilo 360. Alijua ndani ya wiki.

Ukubwa wa umbo nao uangalie, ndama mwenye miguu mirefu na mifupa mikubwa ananenepa kwa kuchelewa na anaishia mzito, mfupi wa umbo anajaza mapema, na mtoto mfupi na maksai mrefu ni tabu hata kumvalisha hatamu, anahitaji kupanda ndoo.

Mbegu gani

Hapa sitakaa sana manake watu wanagombana bure. Angus inatoka Uskoti na Hereford inatoka Uingereza, ni za umbo la wastani, zinawahi kushika mafuta, na Hereford hasa ina sifa ya utulivu. Limousin na Charolais za Ufaransa zina nyama nyingi na umbo kubwa, zinachelewa kushika mafuta, na baadhi ya Limousin wana moto kidogo. Brahman anavumilia joto kuliko hao wote, ni mwerevu, ana kumbukumbu, ukimtendea vizuri ni rafiki, ukimchapa siku moja hasahau. Lakini ndani ya kila mbegu kuna wapole na kuna vichaa, chagua mnyama kwanza alafu ndo uulize mbegu.

Aliyefundishwa kamba tayari au umfundishe mwenyewe

Aliyefundishwa bei yake iko juu na ukimpata kweli unapunguza wiki kadhaa za vumbi na michubuko. Shida ni hilo neno kweli. Wengi wamefundishwa na kijana mwenye misuli, wanachojua ni mkono wa yule, ukimkabidhi mtoto kamba somo linaanza upya. Kwa hiyo ukiambiwa huyu anajua kamba, mwombe muuzaji amtembeze, alafu mtu mwingine amtembeze, alafu mtoto wako akiwa ndani ya uzio na wewe karibu, na kama inawezekana rudi siku nyingine bila kutoa taarifa uone kama ni yule yule.

Kumfundisha mwenyewe kuna faida moja ambayo pesa hainunui, mtoto na ndama wanajifunza pamoja na kila mmoja anajua mwenzake anaogopa nini. Sisi na Taratibu tulienda hivi. Siku chache za kwanza alivaa hatamu ya kamba zizini na kipande kinaburuta chini, kila akikikanyaga anajivuta mwenyewe, akisogea kamba inalegea, kwa hiyo anajifunza kwamba ukifuata inalegea, na aliyemfundisha ni mguu wake mwenyewe sio sisi. Hiyo usiache bila kuangalia, kamba inaweza kunasa mahali au kumchubua. Alafu tukaanza kumfunga kwenye nguzo imara, usawa wa kichwa chake, kamba fupi kama nusu mita asije akaingiza mguu, fundo ni lile la kufunguka kwa kuvuta mara moja, na mtu yupo hapo muda wote. Nusu saa, kesho zaidi kidogo. Akiwa amefungwa binti anampiga brashi na kumwongelesha.

Hatamu yenyewe inavaliwa mwongozo, yaani ile kamba ya kushikia, ukitokea upande wa kushoto, na ile sehemu ya puani ikae juu kwenye mfupa, chini kidogo ya macho, isishuke kwenye sehemu laini ya tundu za pua ukamziba pumzi, kosa hilo naliona kila mwaka.

Kutembea tulianza kuelekea kwenye maji na chakula, manake huko anataka kwenda mwenyewe. Akisimama, unavuta kidogo na kushikilia, akitoa hatua hata moja unalegeza pale pale. Kulegeza ndo somo. Watu wengi wanavuta vizuri ila wanasahau kulegeza, ng'ombe anabaki hajui alichofanya sawa ni kipi.

Kuna wanaomfunga ndama kwa punda akaburutwa siku kadhaa, na inafanya kazi kwa sababu punda hana haraka wala hasira. Kuna wanaotumia trekta. Ya trekta mi siikubali, trekta halijui wakati ndama ameanguka.

Na sheria moja ambayo binti aliirudia mpaka akachoka, kamba haizungushwi mkononi wala kiunoni. Hata siku moja. Akikimbia na ameshinda nguvu, achia, ng'ombe aliyetoroka ndani ya uzio anakamatwa, mkono uliovunjika ni miezi. Kijana alizungusha mara moja tu na Bosi akamburuta urefu wa zizi zima, alitoka na michubuko na tukashukuru Mungu. Na viatu viwe vigumu vya kufunika vidole, ndala zizini hapana.

Kidogo kila siku au wikendi nzima

Na Bosi tulifanya wikendi, masaa matatu Jumamosi, masaa matatu Jumapili, katikati ya wiki tuko bize. Na Taratibu ilikuwa dakika 20 mpaka 30 kila siku baada ya shule, hata mvua ikinyesha. Sio kitu cha kulinganisha. Ng'ombe ni mtu wa ratiba, na mtoto naye akifanya masaa matatu anachoka, anakasirika, na hasira inapita kwenye kamba kama umeme.

Ndani ya hizo dakika 20 sio kutembea tu. Kuna fimbo ya maonyesho, ndefu kama mita 1.2 mpaka 1.5, ina ncha na kandoni mwa ncha kuna kikulabu. Sio ya kuchapa, ni ya kupanga miguu na kumkuna tumbo chini atulie, na ng'ombe akishaipenda hiyo ya tumbo utaona anasinzia. Akitembea mtoto anashika mwongozo mkono wa kulia na fimbo wa kushoto, akisimama anabadilisha, mwongozo kushoto fimbo kulia, na hiyo kubadilisha ndo inawachanganya wote, ifanyeni hata jikoni na mwiko na kamba ya kiatu. Ukitaka mguu urudi nyuma unabonyeza taratibu pale kwato inapogawanyika kwa mbele, ukitaka uje mbele unagusa nyuma kwenye vile vikwato vidogo. Miguu ikae pembe nne, na mguu wa nyuma ulio upande wa jaji mara nyingi unawekwa nyuma kidogo. Kati ya ng'ombe na ng'ombe kwenye mstari kuwe na nafasi ya kama mita 2, na macho ya mtoto yawe kwa jaji, sio kwa mama.

Miezi ya mwisho tulianza vurugu za makusudi. Redio zizini, mwamvuli unafunguliwa, mjomba wake anakuja na kofia kubwa na kumshika mgongo kama jaji, kupanda na kushuka kwenye lori hata kama hatuendi popote. Na wiki chache za mwisho tukahamia hatamu ya ngozi yenye mnyororo chini ya taya, ile ya uwanjani, inabana zaidi kwa hiyo mkono uwe mwepesi, na hiyo haitumiki kumfungia nguzoni.

Chakula: haraka au polepole

Fupi tu. Nafaka inanenepesha, majani makavu yanalinda tumbo, anayeharakisha nafaka anapata tumbo lenye asidi au lililojaa gesi, na tumbo la gesi linaweza kuua ndani ya masaa. Ongeza nafaka kidogo kidogo kwa wiki 2 mpaka 3, majani makavu yasikosekane, maji masafi muda wote, na kwa jumla anakula chakula kikavu kama asilimia 2 mpaka 2.5 ya uzito wake kwa siku. Saa ya kula isibadilike. Mtoto aandike kwenye daftari, kila dawa pia iandikwe na tarehe, kwa sababu dawa zina siku za kusubiri kabla mnyama hajaingia machinjioni na hapo hakuna mzaha, muulize daktari wa mifugo kabla ya sindano.

Mnyoe wenyewe au umlipe fundi

Kunyoa fundi anashinda, mashine ya kunyolea ikiteleza kidogo nywele zinachukua wiki kurudi, na mtoto mwenyewe ndo kwanza anajifunza. Kwato pia apewe fundi, tena mwezi mmoja na zaidi kabla ya siku yenyewe, akichechemea kidogo apate muda wa kupona. Lakini kuosha, kukausha na kuchana ni kazi ya mtoto, kila siku kama anaweza, maji yasiingie masikioni, sabuni itoke yote, nywele zichanwe kuelekea mbele na juu. Ile ya kumwosha kila siku ndo inamfanya ng'ombe akubali kuguswa popote. Bosi tulimlipia fundi kwa kila kitu, alipendeza, ila mtu aliyezoeana naye alikuwa fundi.

Darasa lipi aingie

Kwa kawaida kuna darasa la maksai wenyewe, wanapangwa kwa uzito na jaji anaangalia nyama na umbo, na kuna darasa la uongozaji ambapo anaangaliwa mtoto, anavyomshika, anavyompanga, anavyojibu maswali kuhusu mnyama wake, anakula nini, ana uzito gani. Ukiwa na maksai mzuri unavutiwa na la kwanza. Mtoto wa mara ya kwanza mi ningemweka yote mawili kama inaruhusiwa ila nguvu ziende kwenye la pili, manake hapo maksai wa kawaida hana hasara.

Siku yenyewe fika mapema, na ndoo yenu ya maji ya kunywea mje nayo kutoka nyumbani, ng'ombe akiona ndoo ngeni na maji ya ladha ngeni anagoma kunywa na tumbo linabonyea. Wewe mzazi kaa nje ya uzio na ufunge mdomo, mi nilikuwa napiga kelele legeza legeza, Bosi akasikia sauti yangu akageuka kunitafuta, akamkanyaga kijana mguu, akatoka naye uwanjani kabla jaji hajamfikia. Darasa lake lilikwisha akiwa amefungwa kwenye nguzo nje.

Taratibu alikuwa wa tano kati ya saba kwa uzito wake. Kwenye uongozaji binti alikuwa wa pili, na kwato moja iligoma kukaa vizuri, akaipanga mara tatu bila haraka huku anamkuna tumbo.

Mwaka uliofuata kijana akaomba kujaribu tena. Tulivyofika kwa muuzaji aliniambia baba we baki nje, akaingia zizini peke yake, akasimama dakika kumi kimya, alafu akaonyesha kwa kidole ndama ambaye mi nisingemwangalia hata mara mbili.